Wiki Moja Lushoto: Mapumziko ya Mume na Mke Milimani Usambara

MAMA ZAWADI: Wasikilizaji wetu wapendwa, hamjambo na karibuni tena. Leo tunazungumzia mapumziko ya wiki moja ya mume na mke katika mji wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Mimi nimezaliwa na kukulia Soni, na mwenzangu ni mtu wa Bagamoyo aliyezoea bahari, kwa hiyo kuna mahali mtatusikia tukitofautiana.

BABA ZAWADI: Karibuni sana. Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam, tukipata likizo pamoja na wake zetu, mawazo yanakwenda moja kwa moja Zanzibar au kwenye hoteli za ufukweni, na tusipopata nafasi ya kwenda huko tunaona heri tubaki nyumbani. Sina neno na bahari, nimelelewa nayo, lakini mtu anayeishi kwenye joto mwaka mzima hapumziki sawasawa kwa kuhamia kwenye joto jingine. Lushoto iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukifika mwezi wa Juni au Julai utajifunika mablanketi mawili, na asubuhi ukichungulia dirishani utakuta ukungu umelifunika bonde lote. Usingizi wa namna hiyo watu wa Dar es Salaam hatuujui.

MAMA ZAWADI: Kabla ya kulala, Baba Zawadi, tuwafikishe kwanza. Mabasi huondoka Kituo cha Magufuli kule Mbezi, yakapita Chalinze, Segera na Korogwe, na pale Mombo yanaiacha barabara kuu ya kwenda Moshi na kuanza kupanda mlima. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 tu, tena za lami, lakini ni kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo. Anayesumbuliwa na kichefuchefu akae viti vya mbele na asile chakula kizito Mombo. Pale chini mtu anatokwa na jasho hata akikaa kivulini, ila basi likishafika Soni, penye maporomoko ya maji, abiria wameanza kufunga madirisha na kina mama wanawavika watoto masweta.

BABA ZAWADI: Hali hiyo ya hewa ndiyo iliyowavuta Wajerumani. Wakati wa utawala wao mji huu waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili, na maofisa walipanda huku kulikimbia joto la pwani. Reli kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, safari hiyo ikawa nyepesi zaidi kwao.

MAMA ZAWADI: Hilo ni kweli, lakini milima hii ilikuwa na wenyewe. Makao ya wafalme wa Wasambaa yalikuwa Vuga, jirani na kwetu Soni, na Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alikuwa na mamlaka yaliyoteremka mpaka karibu na pwani. Mmisionari Krapf alipotaka kufanya kazi katika nchi hii ilimbidi apande Vuga kwenda kumwona, mwaka 1848. Nayasema haya kwa sababu wageni wengi huonyeshwa majengo ya Wajerumani pale mjini kisha wakaondoka bila kulisikia hata jina la Vuga, na jambo hilo linaniuma. Wapenzi wawili wenye wiki nzima mikononi wanaweza kutenga nusu siku wakaenda kusikiliza habari za mahali hapo kutoka kwa wazee wenyewe.

BABA ZAWADI: Umenikumbusha suala la kutenga muda, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Nimeona watu wanafika Lushoto na orodha ndefu: leo Irente, kesho Magamba, keshokutwa Mtae, siku inayofuata maporomoko ya Mkuzi, na wanarudi Dar es Salaam wamechoka kuliko walivyoondoka. Ushauri wangu ni kwamba siku mbili za mwanzo msipange chochote. Mwili wa mtu aliyekuwa akiamka saa kumi usiku kuwahi foleni ya Mbagala unahitaji kwanza kusahau saa. Amkeni mnapotaka, mnywe chai taratibu, mtembee mpaka sokoni, mrudi, mlale tena mchana. Hakuna aliyewatuma.

MAMA ZAWADI: Soko la Lushoto lenyewe ni matembezi. Karoti, kabichi na viazi mviringo vinavyopanda malori kwenda Dar es Salaam mnavikuta hapo vikiwa bado na udongo wa shamba, na mwanzoni mwa mwaka mnakuta plamsi na peasi zimepangwa mafungu juu ya magunia. Mama anayeuza atakukatia kipande uonje kabla hujanunua, na ukimsalimu kwa utulivu atakueleza shamba lake liko bonde gani.

BABA ZAWADI: Baada ya hapo ndipo miguu inakuwa tayari kwa jabali la Irente. Kutoka mjini ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu, njia inapita katikati ya migomba na nyumba za watu, na sioni sababu ya kukodi pikipiki kama afya inaruhusu. Njiani kuna shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambako hutengeneza jibini, mikate na jemu. Agizeni chakula cha mchana pale. Wanawaletea mkate mzito wa kahawia uliokatwa vipande vinene, jibini, siagi, jemu ya matunda ya huko huko, mboga mbichi na juisi ya pasheni, nanyi mnakula mkiwa mmekaa bustanini chini ya miti mikubwa. Mimi si mlaji wa jibini, lakini pale nilimaliza sahani yangu na kumwangalia mwenzangu kwa sahani yake.

MAMA ZAWADI: Nami nilimwachia. Kutoka shambani mnaendelea mpaka kwenye jabali lenyewe, na hapo ardhi inakatika. Chini yenu, kiasi cha mita 1,000, kuna kijiji cha Mazinde, barabara kuu mliyopita na basi, mashamba ya katani yaliyonyooka mistari, kisha nyika ya Wamasai inayokwenda mpaka macho yanachoka. Nendeni alasiri jua linapoanza kulegea, mchukue koti, kwa sababu upepo wa pale haubembelezi. Na tafadhali, msiende ukingoni kabisa kwa ajili ya picha. Mwamba hauna uzio kila mahali.

BABA ZAWADI: Msitu wa Magamba uko upande mwingine wa mji, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Mnalipa kiingilio na kwenda na mwongozaji. Huo ni msitu wa asili, sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, na ndani yake kuna mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani. Mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani mtawaona wakiruka juu ya miti. Kuna pia ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya hulipanda kwenye vyungu madirishani, wengi wao bila kujua kwamba asili yake ni milima hii ya Usambara. Ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892.

MAMA ZAWADI: Sasa tuingie kwenye jambo ambalo wasikilizaji wengi wametuuliza, nalo ni ndugu. Sisi kwa desturi zetu safari ya mkoani ni safari ya kuona jamaa. Ukifika mji wenye shangazi yako ukalala hotelini, habari zitafika kabla hujavua viatu, na wapo watakaosema umepata pesa ukasahau ulikotoka. Shangazi yangu yuko Mlalo, na mimi kweli nilikuwa na wasiwasi.

BABA ZAWADI: Hata mimi kama mkwe nilikuwa na wasiwasi. Nisingependa ionekane kwamba nimemzuia mtoto wa watu asiende kwao.

MAMA ZAWADI: Tulilitatua kwa kulisema mapema. Nilimpigia simu shangazi kabla hatujaondoka, nikamwambia, «Shikamoo shangazi, tunakuja kupumzika, tutafikia hotelini, na siku fulani tutashinda kwako kutwa nzima.» Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, «Na huyo mkwe anakula makande?» Nikajua yameisha. Siku ilipofika tulikwenda na mchele, sukari na doti ya khanga, tukakaa kwenye ile nyumba yake ya udongo ya ghorofa yenye roshani ya mbao, kama zilivyo nyumba nyingi za kale za Mlalo, tukala na kuzungumza mpaka jioni. Nawashauri wanandoa msiwafiche wazee. Siku hiyo iwe katikati ya wiki, mkiwa mmeshapumzika na hamna haraka ya kuaga, na isigeuke kuwa siku tatu. Shangazi yako anastahili heshima, na mumeo naye anastahili ile wiki uliyomwahidi.

BABA ZAWADI: Na simu za kazini zipewe mpaka uleule. Sisi tulikubaliana kuziwasha saa moja jioni tu, kuwajulia hali watoto kwa bibi yao.

MAMA ZAWADI: Tofauti yetu iko Mtae. Mimi nasema wiki haijakamilika bila kulala Mtae usiku mmoja au miwili. Kijiji kimekaa juu ya ncha ya mlima, pande karibu zote ni bonde, na siku anga likiwa safi mnaiona milima ya Upare ng'ambo ya nyika ya Mkomazi, hata Kilimanjaro kwa mbali.

BABA ZAWADI: Sibishani na uzuri wake. Ninachosema ni kwamba barabara ya kwenda huko si ya lami, gari linachukua saa kadhaa kupitia Lukozi, na kufungasha tena mizigo katikati ya mapumziko kunavunja utulivu mliokwisha kuupata. Kwa wanandoa wanaokwenda mara ya kwanza, nawashauri walale sehemu moja wiki nzima. Mtae wataikuta safari nyingine.

MAMA ZAWADI: Basi wasikilizaji wataamua wenyewe. Lakini sote wawili tunakubaliana kuhusu chumba. Kabla ya kulipa, ulizeni mambo matatu: kama maji ya moto yanatoka hata umeme ukikatika, kama kuna mahali pa kuwasha moto wa kuni na kuni hizo zimo kwenye bei, na kama wataongeza blanketi mkihitaji. Chumba kizuri chenye maji baridi mwezi wa Julai kitawagombanisha.

BABA ZAWADI: Ongezeni na gharama za mwongozaji. Mtafute kupitia hoteli au ofisi za waongozaji zilizopo mjini, mkubaliane bei kabla ya kuanza kutembea, na mjue kama chakula na kiingilio cha msitu vimo. Pesa zenyewe pangeni pamoja, wote mkijua zilizopo na za matumizi gani, ili asiwepo mmoja anayehesabu kimyakimya wakati mwenzake anaagiza.

MAMA ZAWADI: Tumalizie na swali la msimu. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, njia za miguu zinateleza na barabara za vijijini huharibika, kwa hiyo sipendekezi. Juni hadi Agosti ni kwa wanaoitaka baridi yenyewe. Desemba na Januari kuna matunda, lakini pia watu wengi wanarudi nyumbani kwa sikukuu, hivyo wekeni nafasi mapema katika hoteli na kwenye mabasi.

BABA ZAWADI: Mimi nachagua Septemba. Baridi imepungua, mvua za vuli bado, ukungu unaondoka mapema, na kutoka Irente mnaona mbali zaidi.

MAMA ZAWADI: Na katika hilo sina pingamizi. Tuandikieni maswali yenu, hasa nyinyi mnaotaka kwenda kwa gari dogo, tutayajibu kwenye kipindi kijacho.