Pepa ya kriminolojia haitaki madesa

Jamani karibuni, mlioko nyuma sogeeni mbele kidogo spika hii haifiki mbali. Leo naongelea pepa ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, kwenye CSS, ule mtihani wa kuingia utumishi wa serikali kule Pakistan, maana silabasi yake iko wazi na hata nyie mnaosomea mambo haya hapa mtaokota kitu.

Pepa ni ya hiari, maksi 100, masaa matatu. Nusu saa ya kwanza ni maswali ya kuchagua, maksi 20, halafu maswali manne ya kuandika, 20 kila moja, yaani kama dakika 37 kwa swali na kufikiria humo humo. Sasa mtu anaingia na madesa kichwani, majina ya wananadharia wa uhalifu na miaka yao, Lombroso 1876, Merton 1938, Hirschi 1969, swali limeuliza kwa nini vijana wa mjini wanakwapua simu, yeye anaeleza fuvu la jambazi ambalo Lombroso alilichunguza Italia! Inaniuma kweli, maana huyo amepiga msuli miezi na miezi.

Chukua Karachi, jiji la huko huko Pakistan. Mtu yuko kwenye foleni, joto, kioo kimeshushwa, simu mkononi, inakuja pikipiki ina watu wawili, wa nyuma ananyoosha mkono, imeenda. Wataalamu Cohen na Felson mwaka 1979 walisema ili wizi utokee lazima vikutane vitatu, mtu aliye tayari kuiba, kitu kinachomvutia, na asiwepo wa kuzuia. Andika hiyo. Halafu mlete Merton, kijana anaonyeshwa maisha ya hela kila siku ila njia ya halali ya kuyafikia hana. Halafu jiulize, mbona ndugu yake waliolala chumba kimoja haibi? Hapo ndo anaingia Hirschi na vile vinavyomfunga mtu kwa familia, shule, kazi. Nadharia tatu zinagombania simu moja, na msahihishaji anaona kabisa huyu anafikiri.

Watoto wanaokinzana na sheria msiwaruke, wengi wanaiona topiki nyepesi. Bila sheria ya Pakistan ya 2018 jibu ni hewa tu, ile inasema mtoto ni chini ya miaka 18, inagawa makosa makundi matatu kwa uzito, na madogo yanaweza kumalizwa bila mtoto kupitishwa kwenye kesi nzima. Uhalifu wa mtandao, sheria ya 2016. Utakatishaji fedha, ya 2010, na hapo kumbuka Pakistan ilikaa orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kuanzia Juni 2018 mpaka Oktoba 2022. Interpol na Europol, mambo ya polisi wa nchi mbalimbali kushirikiana, kuzisoma nusu siku inatosha.

Haya toeni karatasi, simu chini. Swali: adhabu kali inapunguza uhalifu? Anzeni na Beccaria, mwanafikra wa Italia, 1764, alisema kinachomzuia mtu ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wenyewe, halafu mumpinge. Dakika 37, naanza kuhesabu sasa hivi.