Barabara Kabla ya Mlima: Kwenda Usambara Wakati wa Masika

Mhadhara kwa vikundi vya matembezi ya milimani, Tanga mjini

Assalaam aleikum. Wakubwa wangu shikamooni, na vijana hamjambo.

Mlio hapa mnajua kutembea. Viatu mnavyo, mabegi mnayo, na njia za Magamba na Amani wengine mnazijua hata gizani. Nitazungumzia kipande cha safari ambacho kwa kawaida humwachia dereva: barabara, tena barabara ya masika, Machi hadi Mei, wakati udongo mwekundu wa Usambara umeshiba maji.

Safari ya aina hii ipangwe kuanzia mwisho wake. Kabla hamjauliza mtafika saa ngapi, ulizeni mtashuka saa ngapi, barabara ikiwa katika hali gani na breki zikiwa katika hali gani. Gari likishindwa kupanda, mara nyingi hukwama, mkapoteza siku. Likishindwa kushuka, hakuna cha kulizuia isipokuwa ukuta wa mlima au korongo.

Nifafanue kwa hesabu. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Kwenye lami kavu, tambarare, tangu breki zishike hadi gari lisimame ni mita 9 hivi. Kwenye tope laini, ambapo mshiko wa tairi na ardhi haufiki theluthi ya ule wa lami kavu, zinakuwa mita 31. Sasa inamisheni barabara hiyo ya tope, ishuke mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo. Gari lile lile na dereva yule yule sasa wanahitaji mita 63. Ongezeni sekunde moja ya dereva kuona na kukanyaga, mita 11 nyingine. Barabara ikishuka mita 2 kwa kila 10 katika tope la namna hiyo, hesabu inagoma kabisa: uzito unaolivuta gari chini unakuwa sawa na mshiko wote wa tairi, kwa hiyo gari halisimami hata breki ziwe mpya.

Kwenye lami kavu mteremko ule ule wa mita 1 kwa 10 unaongeza mita moja na ushei tu. Ndiyo maana dereva aliyezoea kushuka Soni wakati wa kiangazi hudhani anaujua mteremko. Anaujua wakati wa jua. Mvua ikinyesha, mteremko huo huwa na tabia nyingine.

Tuje kwenye gari lenyewe. Tairi kwanza. Sheria za nchi nyingi huruhusu meno ya tairi yachakae hadi milimita 1.6, lakini kwa barabara ya maji msikubali chini ya 3, na kwa tope 4 au zaidi. Pimeni kwa rula ya mtoto wa shule katikati ya tairi na pembeni zote mbili, kwa sababu tairi linaweza kuwa zima nje na kipara ndani. Upepo jazeni kama kibandiko cha mlangoni kinavyoelekeza, na mpime asubuhi tairi zikiwa baridi. Mkikuta kipande kirefu cha tope, tairi lenye upepo wa PSI 32 (kipimo kinachosomwa kwenye geji ya pampu) linaweza kushushwa hadi 22 hivi ili likanyage ardhi kwa upana zaidi. Ila kuanzia hapo msizidi kilomita 40 kwa saa, na kama hamna pampu msishushe upepo kabisa, maana kurudi kwenye lami na tairi laini ni kulipasua.

Mafuta ya breki ni jambo ambalo sisi watu wa pwani tunapaswa kulijali kuliko wengine. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga ina unyevu mwingi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwenye nyuzi zisizopungua 205 za sentigredi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi karibu nyuzi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi karibu 155. Breki za gari lililojaa watu, likishuka mlima mguu wa dereva ukiwa juu ya pedali muda wote, hufikia joto hilo bila shida. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inazama kama sifongo, na gari linaendelea na safari. Badilisheni mafuta hayo kila baada ya miaka 2, hata kama gari halijatembea sana. Pedi zikibaki milimita 3, badilisheni kabla ya safari.

Kuna wanaouliza juu ya minyororo ya tairi, ile inayotumika nchi za theluji. Kwenye tope inasaidia pia, lakini ni lazima ivuliwe mkifika kwenye lami, na gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Kwa safari zetu nadhani koleo, kamba imara ya kuvutia, mbao mbili za kuweka chini ya jeki na mawe mawili ya kuzuia tairi vina faida kubwa zaidi.

Kutoka hapa hadi Mombo ni barabara kuu, na hatari yake ni mwendo na malori, mnaijua. Mombo ndipo mlima unapoanza. Barabara ya kwenda Lushoto ni lami, kilomita zipatazo 33 kupitia Soni, na inawatoa kwenye mita 400 na kitu hadi mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mkienda Amani kupitia Muheza, mlima ni mfupi zaidi, Amani iko kama mita 900, lakini mvua ya Usambara ya Mashariki ni nyingi na kivuli cha msitu hakiachi udongo ukauke. Jua la siku moja halitoshi kuikausha kona iliyo chini ya miti.

Kwenye kona kali za kupanda, ingieni gia kabla ya kona, si ndani yake. Kubadilisha gia katikati ya kona yenye tope hukata mvuto, na gari likishapoteza mwendo hapo, tairi huanza kuzunguka bure. Likizunguka, ondoeni mguu mara moja. Kuzidi kukanyaga mafuta ni kuchimba shimo. Anzeni tena kwa gia ya pili, klachi ikiachiwa taratibu, ili nguvu ifike polepole na tairi lisiteleze. Wanaosukuma wasikae nyuma ya gari lililo kwenye mlima. Likirudi nyuma halitawasubiri wakimbie. Wakae ubavuni, upande wa juu wa barabara, na mmoja afuate na jiwe kila gari likisogea.

Kioo cha mbele kikijaa ukungu kwa ndani, msipanguse kwa mkono. Mmebeba hewa yenye unyevu wa pwani, na kioo kimepoa kwa sababu ya mwinuko, kwani joto la hewa hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 mnazopanda. Fungulieni hewa ya nje, washeni kiyoyozi pamoja na joto, elekezeni kwenye kioo. Kiyoyozi hukausha hewa, joto hupasha kioo. Ndani ya wingu tumieni taa za chini. Taa kubwa huangaza matone ya ukungu na kuwarudishia weupe machoni.

Maji yakipita juu ya barabara, simameni mshuke na kuangalia. Maji yanayokwenda kasi ya kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, kwa hiyo asitumwe kijana kwenda kupima kwa miguu yake. Sentimita 30 zinatosha kuinua gari dogo, na 60 huchukua karibu gari lolote. Tena chini ya maji hayo huenda kalavati limeshaondoka, na rangi ya tope haiwaonyeshi. Kaeni upande wenu, subirini. Mvua ya milimani ikikatika, mito midogo hushuka haraka, mara nyingi ndani ya saa chache.

Angalieni pia ukingo wa mlima. Vijiwe vipya barabarani, mti ulioinama ukiwa bado na majani mabichi, ufa mpya kwenye udongo, mtaro uliokuwa ukitiririka maji na ghafla yamepungua ilhali mvua haijakatika: yoyote kati ya hayo yanasema udongo unasogea. Hapo msisimame kupiga picha wala kula. Rudini mlikotoka.

Wengi wenu hamna gari, mtapanda basi au kosta, kisha bodaboda hadi mwanzo wa njia. Chukueni basi la asubuhi ya mapema, msipande lililojaza watu hadi mlangoni, na kama dereva anashuka mlima akiwa ameweka frii ili kubana mafuta, mwambieni kwa heshima na kwa pamoja. Abiria mmoja hunyamazishwa, kumi husikilizwa. Kwenye bodaboda ni abiria mmoja, begi mgongoni mwake, si kwenye tangi mbele ya dereva ambako linazuia usukani kukata kona.

Mlimani kwenyewe nitapita haraka, mnakujua. Wekeni saa ya kugeuka na muiheshimu hata kilele kikionekana. Jua linazama kabla ya saa 1 kasoro robo, na msituni giza hutangulia. Mkitaka kushuka na gari mchana, saa 7 mnapaswa kuwa mmeshageuka. Wekeni nguo kavu ndani ya gari kwenye mfuko wa plastiki, ikiwemo ya dereva kama alitembea nanyi. Mtu aliyelowa na kupoa vidole humwia vizito na maamuzi huchelewa. Akishindwa kufunga zipu yake mwenyewe, hafai kushika usukani. Avae nguo kavu, apewe chai yenye sukari, aendeshe mwingine.

Sasa kushuka. Gari la tani 2 pamoja na watu wake, likishuka mita 1,000 kutoka Lushoto hadi Mombo, huachia nishati inayotosha kuchemsha ndoo tatu za maji za lita 20. Sehemu huchukuliwa na upepo na msuguano wa tairi. Inayobaki itamezwa ama na injini ama na breki, na injini ina rejeta, breki hazina. Kwa hiyo gia ya pili au ya tatu tangu juu, kabla gari halijachanganya. Magari mengi ya otomatiki yana 2 au L kwenye mkono wa gia, na zimewekwa kwa kazi hiyo hasa. Breki zikanyagwe kwa nguvu kiasi, kwa muda mfupi, kisha ziachiwe zipoe. Kuzishikilia kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakozipika. Mkinusa harufu ya kuungua au pedali ikianza kulainika, tafuteni mahali tambarare haraka, simameni angalau dakika 20.

Mkifika Mombo msimwage maji kwenye magurudumu ya moto, chuma hupinda. Pitisheni kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake imeng'ang'ania, na fundi aione kabla hamjashika barabara ya kurudi Tanga.