Soksi ya Treni

Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu habari za mchana. Wengi hapa mnanijua kwa kufuma masweta ya shule, ndiyo maana nilipomwambia mwenyekiti kwamba leo nitazungumzia kufuma soksi, alicheka. "Soksi si zinauzwa mnadani?" Ni kweli zinauzwa. Mwenye shida ya soksi tu aende mnadani, atapata na ya kubadilisha. Mimi nazungumza na mwenye shida ya safari: mtu anayekaa kwenye treni siku nzima na mikono imelala.

Sweta halisafiri. Likishafika kwapani limejaa mapajani, linakutia joto, na jirani amekalia mkono mmoja wa sweta. Soksi hii hapa, mnaiona? Pamoja na sindano zake 5 fupi na uzi wote, inaingia kwenye mfuko wa unga wa kilo moja. Uzi wa soksi wa gramu 100 una urefu wa mita 400 hivi, na huo unatosha jozi nzima ya mtu mzima. Mimi natafuta wa sufu wenye nailoni kama robo. Sufu inapasha miguu joto, nailoni inazuia kisigino kisitoboke. Akriliki tuliyoizoea kwenye masweta inatoa jasho mguuni. Nimeivaa, najua.

Na msidhani kufuma njiani ni mambo ya watu wasio na kazi. Wanawake wa Ukambani, Kenya, wamesuka vyondo, vile vikapu vyao, huku wakitembea, mzigo mgongoni. Kule visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uingereza, wanawake walibeba makapu ya udongo mkavu wanaouchoma kama kuni, na huku wanafuma. Walivaa mkanda wa ngozi wenye matundu, wakachomeka ncha ya sindano mle ili mkono mmoja upumue. Lakini wanaonifurahisha zaidi ni wachungaji wa Landes, Ufaransa. Nchi yao ilikuwa na majimaji, kwa hiyo walichunga wakiwa juu ya mironjo, yale magongo marefu ya kutembelea. Mwanamume mzima yuko juu ya mironjo, kondoo wako chini, na yeye anafuma! Waume zenu wakisema ni kazi ya kike, wasimulieni hayo.

Sasa njia. Mimi hupanda treni ya TAZARA kutoka Dar kwenda Mbeya, na nimejifunza kwamba soksi unaipanga kwa kufuata reli. Vitanzi 64 naanzisha nyumbani, juzi yake, kwa sindano za milimita 2 na nusu. Usianzishe vitanzi stesheni, maana utahesabu, mtu atakusalimu, utahesabu tena. Treni ikitoka Dar alasiri nafuma lastiki, ule ukingo wa juu unaovutika, vitanzi viwili mbele viwili nyuma. Baada ya hapo ni shingo ya soksi, mzunguko juu ya mzunguko, hakuna cha kuhesabu. Hapo ndipo tunapopita kwenye hifadhi. Twiga akitokea dirishani, mikono inaendelea yenyewe, macho yako kwa twiga. Ikifika sentimita 15 naiacha, nalala.

Kosa langu la mara ya kwanza lilikuwa kutokulala. Shingo iliisha usiku, nikajiona hodari, nikaanza kisigino baada ya Mlimba. Wanaoijua njia hiyo wameshaanza kucheka. Treni inapanda mlima, inaingia handaki, inatoka, inaingia jingine. Nilikuwa nafumia tochi ya simu ili wenzangu walale. Behewa likatikisika, sindano ikachomoka na kuanguka sakafuni, vitanzi vinane vikabaki wazi, kimoja kikaanza kushuka kama ngazi. Bibi mmoja aliyelala kitanda cha chini akaipata kwa unyayo, akanirudishia bila kufumbua macho vizuri. "Mwanangu," akasema, "kisigino kisubiri jua."

Kwa hiyo kisigino nakifanya baada ya Makambako, asubuhi, nimeshakunywa chai. Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo soksi inapowashinda wengi. Vitanzi 64 gawa nusu. 32 vya mbele vipumzike kwenye sindano zao. 32 vya nyuma fuma kwenda na kurudi, mistari 32, na kila unapoanza mstari ruka kitanzi cha kwanza bila kukifuma. Unapata kipande kinachoning'inia kama mfuko wa shati. Halafu kona: fuma 18, viwili pamoja, kimoja tena, geuza. Ndiyo, geuza kabla mstari haujaisha, usiogope. Ruka kimoja, rudi ukifuma vitano, viwili pamoja, kimoja, geuza. Kila ukirudi unaongeza kitanzi kimoja kabla ya kuunganisha, mpaka 32 vinabaki 18 na kitambaa kimejikunja chenyewe kuwa kikombe. Mimi nimefuma soksi nyingi, na bado hapo natabasamu peke yangu.

Okota vitanzi 16 kila ubavu wa kile kipande, na ukijumlisha vile 32 vya mbele unakuwa na 82. Punguza viwili, fuma mzunguko mmoja mtupu, punguza viwili tena, mpaka urudi 64. Kutoka hapo ni wayo tu, na maongezi yanaruhusiwa. Vidole utavifunga ukifika, ukiwa na mguu wa kupimia.

Mama hapa mbele ananiuliza kuhusu ndege. Ndege sina mengi. Marekani sindano za kufumia zinaruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi, ila mkaguzi ndiye mwenye neno la mwisho. Kwingine uliza kabla. Beba za mianzi, na usibebe zile unazozipenda.

Na soksi ya pili? Ehee, nilijua mtauliza. Nina dada mwenye soksi moja moja sita kabatini. Dawa yangu ni kutoshuka kwenye treni kabla sijaanzisha vitanzi vya soksi ya pili, hata kama Mbeya inaonekana dirishani.

Haya, toeni sindano. Tunaanzisha 64, na atakayenisalimu nikiwa katikati ya kuhesabu atanunua soda.