Bukta Isiyo na Zipu na Marais wa Vita

ZUHURA: Inarekodi? Haya. Karibuni jamani. Kabla sijawasalimia vizuri, Mwita, hizi bukta mbili juu ya meza zimekuja kufanya nini?

MWITA: Ni vielelezo. Nataka mashahidi.

ZUHURA: Mmeanza kumsikia. Haya, toa ushahidi wako.

MWITA: Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita. Majina yametoka, JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, kapangiwa Bulombora kule Kigoma. Jumanne dada kanipigia: mjomba mtu, vifaa vya mtoto ni juu yako. Orodha hii hapa. Sikiliza. "Bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiwe na zipu, urefu uishie magotini."

ZUHURA: Isiwe na zipu.

MWITA: Isiwe na zipu! Nimezunguka Mtaa wa Kongo saa tatu nzima, jua la saa saba. Zipo zenye vifungo, zipo zenye nembo za timu za Ulaya, zipo za bluu lakini fupi, ukimvalisha mtoto unamdhalilisha. Mwishowe kijana mmoja ananiambia, "Mzee wangu, hii hapa, haina zipu." Nimelipa. Nafika nyumbani, ishike hapa, bonyeza hapa mbele.

ZUHURA: Ngoja... kuna kitu kigumu.

MWITA: Ni zipu! Kaifunga, kaikunja kwa ndani, kaishonea kitambaa juu.

ZUHURA: [kicheko] Kaizika ikiwa hai.

MWITA: Nimerudi kesho yake nikanunua hii nyingine. Sasa nina bukta mbili na hasira moja.

ZUHURA: Wasikilizaji, mada ya leo tuliipanga wiki mbili zilizopita: marais wa vita tuwapimeje? Nina karatasi hapa, marais watatu, Lincoln na Wilson wa Marekani, na Mwalimu Nyerere wetu, na mambo manne ya kuondoka nayo. Mwita kaja na nguo.

MWITA: Lakini ndiyo mada yenyewe, dada. Kijana anaijaribu bukta sebuleni, ananiuliza, "Mjomba, nikikataa kwenda?" Hakuwa anafanya ujeuri, aliuliza tu kama mtu anayeuliza bei.

ZUHURA: Ukamjibu nini?

MWITA: Nikamwambia geuka tuone urefu.

ZUHURA: Yaani umemkimbia mtoto.

MWITA: Nimemkimbia. Halafu nikakumbuka nimeinunua wapi ile bukta. Kariakoo! Unajua jina limetoka wapi?

ZUHURA: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

MWITA: Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliichukua Dar Septemba 1916, wapagazi wao wakapiga kambi pale. Ukienda Nairobi kuna Kariokor, mzizi ule ule. Watu walikamatwa vijijini wabebe mizigo ya vita ambayo hata hawajui imeanzia wapi. Waliokufa wanakadiriwa karibu 100,000, na waliowaua hasa si risasi, ni kuhara damu, malaria na njaa. Halafu mimi naenda pale pale kumnunulia bukta mtoto aliyeitwa kwa mujibu wa sheria.

ZUHURA: Hapo sitakuachia. Mpagazi wa 1917 na mtoto wako wa Bulombora si kitu kimoja. Huyu anakula, analala, anatibiwa, anafundishwa kwata, anarudi nyumbani.

MWITA: Sijasema ni kitu kimoja. Nimesema ni mtaa mmoja.

ZUHURA: [kicheko] Haya. Niingize Lincoln kabla hatujamaliza kipindi Kariakoo. Machi 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vina karibu miaka miwili, wa kujitolea wanapungua. Bunge la Marekani linapitisha sheria ya kuandikisha wanaume wa miaka 20 hadi 45. Jina lako likitoka kwenye bahati nasibu, unakwenda. Isipokuwa utafute mtu wa kwenda badala yako, au utoe dola 300.

MWITA: Dola 300 za enzi hizo.

ZUHURA: Karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua.

MWITA: Zipu hiyo.

ZUHURA: Nini?

MWITA: Sheria ina zipu! Kwa nje imeandikwa wote mtakwenda, ukibonyeza kwa mbele kuna mlango wa wenye hela.

ZUHURA: Aisee, umeipata. Na haikuzikwa, iliandikwa waziwazi. Ndiyo maana Julai ile New York iliwaka siku nne. Wafanyakazi maskini, wengi wao Waireland, walianza kwa kuchoma ofisi ya uandikishaji, kisha wakawageukia watu Weusi. Waliwanyonga barabarani, wakachoma kituo cha watoto yatima Weusi. Zaidi ya watu 100 walikufa. Vikosi vililetwa, vingine vikiwa ndiyo kwanza vimetoka kupigana Gettysburg.

MWITA: Na Lincoln mwenyewe alilipia mtu.

ZUHURA: Alilipia, 1864, kijana akaenda kwa niaba yake. Lakini sema ukweli wote: umri wa rais ulishapita, hakuwa anakwepa. Ilikuwa ishara.

MWITA: Ishara ya zipu.

ZUHURA: Mwita, hilo neno litatumaliza leo.

MWITA: Endelea, nakusikiliza.

ZUHURA: La pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi ya uandikishaji. Aprili 1861 Lincoln anasimamisha ile haki ya mtu aliyekamatwa kupelekwa mbele ya jaji aelezwe kosa lake. Alianzia njia ya reli kati ya Philadelphia na Washington. Mwezi uliofuata anakamatwa mtu wa Maryland, Merryman. Jaji Mkuu Taney anaandika kwamba rais hana mamlaka hayo, Bunge ndilo linayo. Lincoln akaendelea kama hajasikia.

MWITA: Taney yupi? Yule aliyeamua 1857 kwamba mtu Mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani?

ZUHURA: Huyo huyo.

MWITA: Basi mimi pia nisingemsikia.

ZUHURA: Jaji mbaya anaweza kuisoma katiba vizuri siku moja, Mwita. Ukichagua jaji wa kumtii kwa kuangalia sura yake, huna tena mahakama.

MWITA: Na ukimtii wakati Washington inazingirwa huna tena mji mkuu. Zuhura, hao watu walikuwa wanang'oa reli na kuchoma madaraja askari wasifike. Nchi isipokuwepo, hiyo haki utamdai nani?

ZUHURA: Nilijua litakuja hilo. Ndilo analosema kila rais, awe na vita au hana. Kipimo changu mimi ni kimoja: yale mamlaka uliyoyachukua kwa sababu ya vita, yalirudi vita vilipoisha? Na wakati unayo, watu waliweza kukuondoa? Lincoln alifanya uchaguzi 1864 katikati ya vita, na Agosti yake alikuwa anaamini atashindwa. Kwa hilo namuinua. Kwa Merryman namshusha.

MWITA: Na Mwalimu?

ZUHURA: Tusirukie Mwalimu, Wilson yupo kabla yake.

MWITA: Wilson atasubiri. Ukipima kwa kipimo hicho hicho, Mwalimu anapata ngapi?

ZUHURA: Chini ya unavyotaka. Sheria ya kuweka watu kizuizini ni ya 1962. Rais anakufungia bila mashtaka, na amri yake haihojiwi na mahakama. Vita gani vilikuwepo 1962? Idi Amin wa Uganda kaja Kagera 1978. Vita vimekwisha, sheria ipo. Hadi 1985 ndiyo ikaja kurekebishwa.

MWITA: Nchi ilikuwa na mwaka mmoja! Halafu Januari 1964 jeshi lenyewe likaasi pale kambi ya Colito, Lugalo ya leo. Wewe unamhukumu mtu kama alikuwa na jeshi, polisi na mawakili wote mezani.

ZUHURA: Na 1966? Wanafunzi wa chuo kikuu wanaandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa JKT. Miaka miwili, na katika hiyo, miezi 18 wanalipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu akawarudisha makwao, karibu 400.

MWITA: Na bango lao likasema afadhali ukoloni. Sema na hilo. Na siku hiyo hiyo akajipunguzia mshahara wake asilimia 20. Lincoln alijipunguzia nini?

ZUHURA: Kijana anayesema upuuzi kwenye bango ana haki ya kusema upuuzi.

MWITA: Halafu angalia, miezi 18 tena. Baada ya vita vya Kagera tuliambiwa tufunge mkanda miezi mingapi?

ZUHURA: Kumi na minane. [kicheko] Mwalimu aliipenda sana miezi 18.

MWITA: Na ule mkanda haukufunguka. Haukuwa na zipu.

ZUHURA: Mungu wangu.

MWITA: Lakini sikiliza, Zuhura, hapa sitanii. Vita vya Kagera viliisimamisha nchi nzima. Mwalimu akasema sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo, nchi ikasimama. Hakukuwa na dola 300. Mgambo walitoka vijijini, jeshi likavimba likapita watu 100,000. Mzee wangu alikuwamo. Alitoka Musoma na panga lake kiunoni, bunduki akapewa njiani. Aprili 1979 Kampala imeanguka, alikuwepo.

ZUHURA: Aliulizwa kama anataka kwenda?

MWITA: Nilijua utauliza, kwa hiyo Jumatano nikampigia. Nikamwambia, Baba, wewe ulijitolea au ulichukuliwa? Akanyamaza kidogo, nasikia kuku wake. Akasema, "Sikuulizwa, wala sikukataa."

ZUHURA: Basi. Hoja yangu imekwisha hapo.

MWITA: Hoja yako? Hiyo ni hoja yangu mimi!

ZUHURA: Hakuulizwa, Mwita.

MWITA: Hakukataa, Zuhura. Mtu akivamiwa na mwizi usiku, huwagongei majirani mlango mmoja mmoja kuuliza nani ana nafasi. Unapiga yowe. Wanakuja. Kwetu asiyetoka kwenye yowe ndiye anayeulizwa kesho.

ZUHURA: Na anayepiga yowe ndiye mwenye ufunguo wa mahabusu. Hapo ndipo tofauti ya jirani na rais ilipo.

MWITA: Mzee hajawahi kulalamika.

ZUHURA: Angelalamikia wapi?

MWITA: ...Hapana. Hapo unamfanya mzee wangu mtu asiyejua alichofanya. Anajua. Mwaka wa 47 huu anajua. Hukuwepo, mimi sikuwepo, yeye alikuwepo.

ZUHURA: Sijasema hajui. Nasema heshima yake ni yake, haiwezi kuwa risiti ya rais. Ujasiri wa baba yako usiende kumlipia deni mtu aliyekuwa na sheria ya 1962 kwenye droo.

MWITA: Sikubali.

ZUHURA: Najua hukubali.

MWITA: Na wewe je?

ZUHURA: Hata chembe.

MWITA: Kijana wa mitambo ananionyesha vidole. Dakika mbili?

ZUHURA: Mbili! Na Wilson? Nilisoma wiki nzima. Debs, yule msoshalisti, kahukumiwa miaka kumi kwa hotuba ya kupinga Vita vya Kwanza vya Dunia, kagombea urais 1920 akiwa gerezani, kapata kura zaidi ya 900,000!

MWITA: Alifunguliwa na nani?

ZUHURA: Harding, rais aliyemfuata Wilson, Krismasi ya 1921. Wilson alikataa kabisa. Na yale mambo manne ya kuondoka nayo...

MWITA: Taja moja.

ZUHURA: La kwanza lina vipengele vitatu.

MWITA: Achana nayo.

ZUHURA: Sawa. Niambie basi, mtoto utamjibu nini? Anaondoka lini?

MWITA: Jumamosi, basi la alfajiri. Sijui, dada. Labda nimpe simu ya babu yake waongee wenyewe, mimi nisiwepo.

ZUHURA: Hilo zuri. Vifaa vimekamilika?

MWITA: Raba tayari, soksi nyeusi ndefu tayari. Bado shuka mbili za bluu bahari.

ZUHURA: Bluu bahari ndiyo ipi?

MWITA: Nimeuliza maduka manne, nimeonyeshwa bluu nne. Kesho narudi Kariakoo.

ZUHURA: Na hii yenye zipu?

MWITA: Mwachie kijana wa mitambo. Kila akija hapa suruali yake imefungwa na pini.

ZUHURA: [kicheko] Anakata! Jamani anaka—