Mtoeni Mama, Waacheni Watoto: Mhadhara kwa Wafugaji wa Nguruwe, Mbozi

Ndugu zangu wafugaji, karibuni. Wenye makoti msiyavue, hii baridi ya Juni ya huku kwetu haina mgeni.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na majike watatu waliozaa wiki moja. Watoto walipofikisha mwezi nikaamua kuwaachisha kunyonya na kumaliza kazi yote kwa mkupuo. Asubuhi nikawabeba, nikawamwaga kwenye chumba kimoja kipya, nikawabadilishia chakula, na kwa kuwa mtaalamu wa mifugo alikuwa amefika, madume wakahasiwa papo hapo. Usiku ule sikulala kwa kelele. Kulipokucha masikio yamechanika, mabega yana mistari kama yamekwaruzwa kwa msumari. Siku ya tatu kuhara kukaanza. Jirani akasema nimelogwa. Nani aniloge? Nilikuwa nimewarundikia mateso manne siku moja.

Mkitaka kuelewa, kaeni bandani mtazame jike akinyonyesha. Anaguna polepole, kisha anaharakisha mguno. Watoto wanakimbilia, wanasukumasukuma kiwele kwa pua, halafu ghafla kimya: maziwa yanashuka. Yanashuka kwa sekunde 20 hivi, basi, mpaka baada ya saa moja au pungufu. Kila mtoto ana chuchu yake. Waliigombania siku za kwanza za maisha, wakapatana, hakuna anayegusa ya mwenzake. Sasa wewe unamtoa pale, unampeleka kati ya watoto wa majike wengine asiowajua harufu. Lazima wapigane upya kujua nani mkubwa. Vita hivyo huwa vikali zaidi siku mbili za mwanzo.

Kwa hiyo siku ya kuachisha, anayehama ni mama. Watoto wabaki chumba kilekile, na ndugu zao walewale, na chakula kilekile. Kuhasi kuwe kumeshafanyika zamani, katika wiki ya kwanza, kidonda kimepona.

Je, kama vyumba havitoshi na ni lazima uchanganye? Changanya mapema, wakiwa bado wananyonya. Wakifika wiki mbili, ondoa ubao kati ya vyumba viwili vya majike waliozaa karibu karibu, watoto wapite, majike wabaki kila mmoja kwake. Watoto wadogo hugombana kidogo tu, kila mmoja anakimbilia kwa mama yake, na siku ya kuachisha wanakuwa wameshajuana. Mbao zenyewe mnazo.

Kuna wanaowapaka oili chafu ili wanuke sawa. Mimi siipendi. Harufu ikiisha ugomvi unarudi, na ngozi umeshaiunguza. Wala usimtoe mgomvi ukamrudisha kesho, maana akirudi wanaanza moja. Anayetolewa ni yule aliyeumia kweli. Mwagia maranda mengi au majani makavu wapate cha kuchimbua, na egesha ubao kwenye kona, mnyonge apate pa kujificha.

Hapa kwenye hori nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapokosea. Watoto hawa wamezoea kunyonya wote kwa pamoja, kwa hiyo watataka kula wote kwa pamoja. Ukiweka kihori cha kutosha watatu na wao ni kumi, umetengeneza ulingo. Hori liwe refu, wote waingize midomo. Waonjesheni chakula tangu wiki ya pili, kiganja tu, mahali mama hafiki. Baada ya kuachishwa kilowesheni kiwe kama uji, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Mtoto asiyekula siku nzima, utumbo wake unadhoofika, na kuhara kunapata njia. Maji yawepo muda wote.

Na joto. Aliyeachishwa akiwa na wiki nne anahitaji karibu nyuzi 28, na ninyi mnaijua Mbozi usiku. Ukichungulia na tochi ukakuta wamepandana kama magunia, wanasikia baridi. Wakilala ubavu kwa ubavu, kalale na wewe.

Kuhusu umri: Ulaya sheria inataka siku 28, na wanaoruhusiwa kushuka hadi 21 ni wale tu wenye mabanda maalumu. Hapa kuna wenzetu wanakimbilia wiki tatu ili jike apandwe haraka. Ni kweli atarudi kwenye joto, yaani kutaka dume, siku nne hadi saba baada ya watoto kuachishwa. Lakini tazameni hao watoto: wanazunguka wakisukuma pua tumboni kwa wenzao, wanatafuta chuchu, mpaka ngozi inavimba. Wiki sita kwa mabanda yetu si hasara.

Haya, twendeni bandani. Alfajiri nimemtoa jike mmoja, watoto wake tisa wamebaki, mtaona wenyewe. Mlangoni kuna beseni la dawa, kila mtu akanyage. Homa ya nguruwe haina tiba.