Protini Mbili Katika Kichupa cha Damu

Ndugu zangu, kitazameni kichupa hiki. Damu imezungushwa kwenye mashine: chembe nyekundu zimejikusanya chini, juu yamebaki majimaji ya manjano, rangi ya mafuta ya alizeti. Humo mna protini mbili zinazotuambia mengi kuhusu mgonjwa wa saratani ya mapafu, nazo ni albumini na CRP.

Zote mbili hutengenezwa na ini. Mwili ukiwa vitani na ugonjwa, ini hubadilisha kazi: hupunguza albumini, humwaga CRP. Mwaka 2003 madaktari wa Glasgow, Uskoti, walizisoma kwa pamoja kwa wagonjwa ambao saratani yao ya mapafu haikuweza kuondolewa kwa upasuaji. CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita, alama moja. Albumini ikishuka chini ya gramu 35 kwa lita, alama nyingine. Kwa wastani, mwenye sifuri huishi muda mrefu kuliko mwenye mbili, hata kama saratani zao ziko hatua moja.

Hapa nisimame kidogo. Nikisema protini imeshuka, kesho yake ndugu wanaleta mayai. Nimemwona mama akimenya yai la pili huku mwanawe amegeukia ukutani, kinywa amekifumba. Mama yule aliamini amemlisha vibaya. Hapana! Mgonjwa apikiwe anachotamani, lakini albumini hiyo imeshushwa zaidi na ugonjwa, na mayai peke yake hayatairudisha. Msijilaumu.

Tena CRP haisemi kwamba mtu ana saratani. Nimonia huipandisha, kifua kikuu huipandisha, na huku kwetu wengi hufika kwetu wakiwa wameshameza dawa za kifua kikuu kwa miezi. Kwa hiyo alama hizi huhesabiwa baada ya kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe, kupimwa na saratani kuthibitishwa.

Kwenye kinyama hicho hutafutwa protini ya tatu, PD-L1. Seli ya saratani huivaa, askari wa kinga wakiiona wanaiacha ipite. Dawa ya pembrolizumab huvunja hila hiyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walichaguliwa wagonjwa ambao saratani ilishaenea na angalau nusu ya seli zake zilikuwa na PD-L1. Baada ya miaka 5, walioanza na dawa hiyo walikuwa hai takriban 32 kati ya 100. Walioanza na kemotherapia, 16. Bei ya pembrolizumab ni mlima, na hilo linaniuma.

Lakini albumini na CRP tunazipima. Mgonjwa akipata alama mbili sifungi faili. Namwita na familia yake wiki hiyohiyo. Tunapanga dawa ya maumivu, tunaangalia pumzi na kikohozi, tunaulizana nani atalala naye usiku. Na kama kuna mtoto aliye mbali, nawaambia wampigie simu leo, aje wakati baba bado anaweza kuketi na kuzungumza naye.