Kabla Fundi Hajaishika Kompyuta

Naona mmeanza kucheka. Wengine hapa Dodoma mmenisikia nikiyasema haya ya leseni, ile ruhusa ya kutumia programu uliyonunua, mara tatu, nne. Nitaacha siku mtakapoacha kuniletea kompyuta zikiwa zimeshakufa.

Kuna mzee ana duka la pembejeo pale Majengo. Umeme ulikatika, uliporudi ukarudi na kishindo, kompyuta ikazima. Fundi akafungua, akapuliza vumbi, vumbi letu mnalijua, akasema madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, imeungua. Akafunga nyingine, diski ileile. Mzee akawasha, akaona mafaili yote yapo, akashukuru Mungu. Mara Windows ikadai haijaamilishwa, yaani haioni leseni yake. Akafungua programu ya uhasibu, nayo ikamwambia leseni inatumika kwenye kompyuta nyingine. Nyingine ipi? Akanigeukia: "Mwanangu, mimi ninayo hii moja tu."

Fundi hakukosea. Programu haikujui wewe. Inaitambua mashine kwa vifaa vyake, na madabodi ndiyo roho. Badilisha diski, ongeza RAM, ile kumbukumbu ya muda, kwa kawaida Windows haishtuki. Gusa madabodi, kwake hiyo ni kompyuta ngeni. Tena kompyuta zilizokuja na Windows kutoka kiwandani, tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mara nyingi ufunguo wa leseni umeandikwa humohumo ndani ya madabodi. Ikitupwa, umetupwa nao. Kama bado una waranti, mdai mtengenezaji. Leseni uliyoinunua kando, si iliyokuja na kompyuta, ndiyo unayoweza kuihamisha.

"Si fundi atapiga tu Windows ya kuchakachua?" Nilijua utauliza. Atapiga, na ndani yake atakuletea mgeni anayesoma hesabu zako. Endelea.

Dawa ipo. Kwa Windows 10 na 11, unganisha leseni hiyo inayohamishika na akaunti ya Microsoft, wenye Windows, mashine ikiwa bado nzima. Madabodi ikibadilishwa, unaingia kwenye mipangilio, unaiambia umebadilisha kifaa. Dakika chache. Lakini akaunti ya mzee ilifunguliwa na kijana wa dukani, kwa barua pepe ya kijana, kwa simu ya kijana. Na kijana alishaacha kazi! Tulimfuata hadi kwa mama yake Hombolo. Tukampata. Nywila kasahau. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini aliyoipoteza. Mzee kakaa kwenye gogo, kashika kofia yake, ananiangalia mimi kana kwamba mimi ndiye Microsoft.

Kwa hiyo akaunti iwe ya duka, simu iwe ya duka. Nitalirudia mpaka mchoke.

Programu nyingine, harakaharaka: Tally, ile ya uhasibu, ina sehemu ya kurudisha leseni; irudishe kabla ya kubadili kompyuta. Programu za Adobe, toka kwenye akaunti. Risiti, piga picha. Na nakala za hesabu… hilo lilikuwa nusu nzima ya mhadhara, mwenyekiti ananionyesha saa.

Dada wa nyuma mwenye begi la laptopu, imeharibika? Bado inawaka? Usiipeleke popote. Njoo hapa mbele kwanza.